Mwaka Elkana Alipoapa Anaishi Nakuru

Kwenye mazishi ya Elkana nilikula nikashiba. Nilikula obusuma, ugali wa kwetu, na nyama ya ng'ombe waliyemchinja kwa ajili yake, nikaomba niongezwe mchuzi, na msichana aliyekuwa akigawa akanitazama kama mtu aliyeona nyoka kanisani. Mjane hali hivyo, na mtalaka haji kabisa. Binti yangu Dorika, ambaye naye sasa ana mvi, aliniinamia sikioni. "Mama, watu wanaangalia." Nikamwambia, "Waache waangalie. Chakula si kilipikwa kiliwe?" Mbele yetu, chini ya turubai, kijana mmoja wa ukoo alikuwa akisoma historia ya marehemu kwa kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma. Akafika mahali akasema kwamba marehemu, miaka yote ya ujana wake, aliishi hapa hapa Ekero. Nikauweka mfupa chini. Kijana yule hakujua kwamba maneno hayo machache ndiyo niliyoyahangaikia mwaka mzima, nikiyabeba kutoka korti moja hadi nyingine, na hakuna mtu wa ukoo ule aliyekubali kuyatamka kwa nia ya kunisaidia. Siku ile yalisomwa bure, na watu wakaitikia amina.

Sitaeleza nilivyozaliwa wala nilivyoolewa; kila mwanamke wa rika langu alizaliwa na kuolewa kwa namna hiyo hiyo. Nitaeleza mwaka mmoja tu. Ulikuwa mwaka wa sukari, katika ile miaka ambayo watu waling'oa mihogo na migomba wapande miwa, wakapanda mpaka kwenye ukuta wa jiko, hata ukitoka bafuni majani ya miwa yanakupapasa mgongo. King'ora cha kiwanda ndicho kilichokuwa saa yetu. Miwa ikichomwa kabla ya kukatwa, masizi meusi yalipeperuka yakatua juu ya nguo tulizoanika, juu ya maziwa, juu ya vichwa vya watoto, na hakuna aliyelalamika kwa sababu masizi yale yalikuwa mabati na karo za shule. Mume wangu Elkana Makokha alikuwa msimamizi wa makundi ya wakata miwa. Alikuwa na pikipiki, na mikono yake haikuwa na sugu. Nyumba yetu ilikuwa na sakafu nyekundu niliyoisugua kwa nta kila Jumamosi, makochi yenye vitambaa nilivyofuma mwenyewe, na redio ambayo yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuigusa. Mimi nilikuwa na hoteli ndogo pale senta: mabenchi, masufuria, chai ya maziwa, mandazi, ugali na mrenda kwa madereva wa trekta na wakata miwa waliokuja na panga zao wakaziegemeza mlangoni. Dorika alikuwa mdogo, bado hajaanza shule.

Habari yenyewe niliisikia nyuma ya jiko la mama mkwe. Jiko lile lilikuwa la mviringo, la udongo, na lilikuwa na tundu dogo la kutolea moshi upande wa ghala. Mimi nilikuwa ghalani nachambua mahindi ya mbegu. Mashemeji na wakwe husahau kwamba mke wa mtu ana masikio. Wamezoea kumwona ameinama. Tito, mdogo wake Elkana, alikuwa ndani akinywa uji, namsikia anavyouvuta. Akamwambia mama yake, "Kesi iko Nakuru. Jumatano ya wiki ijayo inasikizwa, inaisha." Mama mkwe akauliza, "Nakuru kuna nini?" Tito akasema, "Huko ndiko ameshtaki. Ameapa kwamba yeye na Mama Dorika wamekuwa wakiishi Nakuru, na Mama Dorika akamtoroka huko. Barua ya korti ikapelekwa, mtu akaapa kwamba alimkuta huko huko mjini, Mama Dorika akakataa kuipokea. Sasa hata asipokuja, talaka inatoka, mtoto anabaki wetu, naye anarudi kwao." Kisha mama mkwe akasema, na sauti yake naisikia hadi leo, "Alimtoroka akaenda wapi? Si yuko hapo ghalani anachambua mahindi?" Tito akacheka. "Mama, hiyo ni lugha ya korti tu. Si kama kusema uongo." Nilingoja. Nilidhani yule mama, ambaye nilikuwa nimemwogesha kwa mikono yangu alipougua malaria, angesema neno. Alisema, "Basi asimwambie mpaka mbegu ziishe kupandwa."

Watu huniuliza kama nililia. Sikulia. Nilimaliza kuchambua mahindi, nikayatenga mabovu na mazima, nikaenda nyumbani nikakamata kuku. Kwetu kuku akichinjwa firigisi ni ya mwenye nyumba, na mke anayemnyima mume firigisi anatafuta vita. Nilimpikia Elkana ingokho ile polepole mpaka ikalainika, nikaiweka firigisi juu kabisa ya bakuli, nikamwekea maji ya kunawa. Alikula vizuri. Nikamwuliza, "Wiki ijayo uko hapa, Baba Dorika? Nataka turekebishe paa la hoteli." Akasema, "Jumanne nasafiri. Kuna semina ya miwa Kisumu." Nikamwambia, "Basi nitakupigia pasi shati jeupe." Akaitafuna ile firigisi huku akinitazama, na kwa kuwa hakuona chochote usoni mwangu, akaniambia mimi ni mke mzuri. Nimeishi miaka mingi tangu jioni ile. Mchungaji wetu wa sasa hunihubiria msamaha kila anaponitembelea, na mimi humkaribisha chai. Lakini kila akifika kwenye neno lile, namwona Elkana akitafuna, mafuta yakimeremeta kidevuni, na mlango wa moyo wangu unajifunga wenyewe.

Kesho yake nilimwachia msaidizi wangu hoteli, nikaenda Kakamega mjini kutafuta wakili. Nilimpata Bwana Lumadede, mzee mnene aliyekuwa na ofisi ghorofani juu ya duka la vitambaa. Chumba kilikuwa kidogo, kinanuka tumbaku na nta, na kutoka chini ilisikika sauti ya mkasi ukikata kitambaa siku nzima. Alinisikiliza huku akimenya ndizi. Akaniuliza, "Unataka tuzuie hii talaka?" Nikasema, "Hapana. Talaka naitaka mimi kuliko yeye." Akaacha kumenya. "Sasa unataka nini, mama?" Nikamwambia, "Nataka aniache hapa. Nilifunga ndoa hapa, nimepika hapa, nimefua masizi ya miwa yake hapa. Kama mimi ni mke mbaya, aseme hapa, mbele ya watu wanaotujua. Asiende kunifukuzia mahali ambapo sijawahi hata kunywa maji." Mzee yule akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Akanieleza kwamba kesi ya talaka hufuata mahali wenye ndoa wanakaa. "Mtu hachagui korti kama anavyochagua kinyozi," alisema. Ikiwa tungeonyesha kwamba hakuna kati yetu aliyekuwa mkazi wa Nakuru, korti ya Nakuru isingeweza kuigusa ndoa yetu. "Lakini ni lazima uwe pale Jumatano. Usipokuwepo, uongo wake ndio utakuwa ukweli."

Jumanne asubuhi nililipiga pasi lile shati jeupe kwa makaa, kola na mikono, nikamkunjia. Akaondoka na pikipiki hadi stendi. Mimi nikampeleka Dorika kwa dada yangu aliyekaa Khayega, na jioni mimi na Bwana Lumadede tukawa kwenye basi. Nakuru kulikuwa na baridi. Chumba cha korti kilikuwa na madirisha ya juu sana, yanayoleta mwanga bila kukuonyesha nje, na watu waliokuwa wamevaa sweta walizungumza lugha nisiyoijua. Nilikaa benchi ya nyuma nimejifunga leso kichwani mpaka kwenye nyusi. Elkana alikuwa mbele. Kando yake alikaa msichana wa ofisi ya kiwanda aliyeitwa Lidya, mwenye viatu virefu vya rangi ya maziwa, na mzee mmoja aliyekuja kusema kwamba alitupangisha nyumba. Kesi ikaitwa. Elkana akaapa, kitabu kitakatifu mkononi. Akasema ameishi Nakuru na mkewe tangu waoane. Akaeleza mpaka rangi ya mapazia ya nyumba yetu. Nilikuwa nikisikiliza kwa makini, kwa sababu ilikuwa nyumba nzuri, na mke aliyeitoroka alikuwa mjinga kweli. Mzee wa nyumba akasema ananikumbuka, kwamba nilikuwa mwanamke wa kelele. Kisha hakimu, mtu mwembamba mwenye miwani, akauliza kama mshtakiwa yupo. Karani akasema hakuonekana. Nikasimama nikafungua leso. "Niko hapa, mheshimiwa."

Elkana hakugeuka mara moja. Niliiona shingo yake kwanza, jinsi ilivyokakamaa ndani ya kola niliyoipiga pasi. Hakimu akamwuliza yule mzee kama mimi ndiye mpangaji wake, naye akanitazama, akaitazama dari, akasema siku zimepita nyingi. Nikaulizwa ninakaa wapi. Nikajibu, "Ekero, karibu na Mumias. Naye anakaa huko huko, nyumba moja na mimi. Hilo shati alilovaa nimelipiga pasi jana asubuhi. Mheshimiwa akiangalia mkono wa kushoto ataona mahali kaa lilidondoka." Watu wakacheka, na karani akawanyamazisha. Elkana aliufunika mkono wa kushoto kwa wa kulia. Hakucheka hakimu. Alisema shati si ushahidi wa makazi. Mtu anaweza kupigiwa pasi popote. Bwana Lumadede akasimama akaeleza sheria kwa Kiingereza kirefu, na wakili wa Elkana naye akajibu kwa kirefu, na mwishoni hakimu akaahirisha kesi. Kila upande ulete watu watakaosema ni wapi hasa Elkana Makokha na mkewe walikuwa wakiishi. Tulipotoka, Elkana alinikuta kwenye veranda. Akanyanyua kidole, halafu akakumbuka askari waliokuwa mlangoni, akakishusha. "Utajuta," alisema. Lidya alikuwa nyuma yake, anatazama viatu vyake. Nikamwambia Lidya, "Dada, firigisi anapenda iive sana." Sikusema neno lingine.

Jambo ambalo Elkana hakulifikiria ni hili: hakuweza kuhamia Nakuru kweli. Mwaka huo huo alikuwa anagombea uenyekiti wa kamati ya wakulima wa miwa ya lokesheni yetu. Kamati ile ilikuwa ndogo kwa jina, lakini ndiyo iliyopanga shamba la nani likatwe kwanza. Miwa ikikaa shambani kupita wakati wake inakauka, na mkulima anavuna kuni. Kwa hiyo mwenyekiti alisalimiwa na watu waliokuwa wameinama. Elkana aliutamani uenyekiti ule kuliko alivyomtamani Lidya, na mimi niliyekaa naye nilijua. Alirudi nyumbani, akahamishia kitanda chake kwa mama yake, uani kwetu pale pale, na kila asubuhi alipita mbele ya mlango wangu akienda kuomba kura. Mama mkwe aliacha kunisalimu. Alikuwa akisema kwa sauti, nisikie, kwamba kuna wanawake wanaowafuata waume zao mpaka kortini kama mbwa anavyofuata mfupa. Nilisugua sakafu yangu. Nilipika mandazi yangu. Nilisikiliza, kwa sababu hotelini kwangu madereva walizungumza kila kitu, na siku moja nikamsikia mmoja akisema kwamba masharti ya kamati ni mwenyekiti awe mkazi wa pale. Nikaenda na birika nikamjazia kikombe bila kuombwa.

Mpinzani wa Elkana alikuwa Mzee Nathani, mkulima mpole ambaye miwa yake ilikuwa imekauka msimu uliopita akingoja foleni. Mkewe tuliimba naye kwaya moja. Jumapili, tukiwa tunavua kanzu za kwaya, nikamwambia, "Siku ya uchaguzi, mzee amwulize Elkana jambo moja tu. Amwulize anaishi wapi." Mama yule akanitazama. "Si kila mtu anajua anaishi wapi?" Nikamwambia, "Ndiyo. Ndiyo maana halitamsumbua kujibu." Akaitikia kwa kichwa, akakunja kanzu yake vizuri zaidi ya kawaida.

Mkutano ulifanywa uwanja wa shule ya msingi. Naibu wa chifu alikaa mezani na kofia yake, wakulima wakakaa kwenye nyasi, wanawake upande wao. Elkana alizungumza vizuri; hilo siwezi kumnyima. Aliahidi barabara, aliahidi matrekta zaidi, watu wakapiga makofi. Ndipo Mzee Nathani akasimama polepole akiwa ameshika kofia. "Mimi sina maneno mengi," alisema. "Kuna fununu kwamba mwenzetu anakaa Nakuru siku hizi. Na masharti tunayajua. Basi atuambie, mbele ya serikali hapa, anaishi wapi." Elkana alicheka kwanza. Halafu macho yake yakapita juu ya vichwa vya wakulima yakaja mpaka upande wa wanawake, yakanipata. Nilikuwa nimekaa nimenyoosha miguu, leso imetulia mapajani. Nadhani katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunitazama hivyo, kama mtu anayesoma. Alielewa. Nilimwona anaelewa. Akisema Ekero, kesi ya Nakuru imekufa. Akisema Nakuru, uenyekiti umekufa. Uwanja mzima ulikuwa unamngoja, na midomo yake ilikuwa imekauka, naiona anavyoilamba.

Labda angetafuta njia ya katikati. Alikuwa mtu wa maneno. Lakini hakupewa nafasi. Mama yake alisimama katikati ya wanawake wenzake, leso yake imemteleza begani. "Nathani, unanitukana," alisema. "Huyu nilimzaa hapo ng'ambo ya mto. Hulanga hapa, hulalanga hapa, na saa hizi analala nyumbani kwangu, mimi ndiye namwamsha. Nakuru ni ya nani? Sisi hatuna mtu Nakuru. Mwanangu hajawahi kunikimbia hata mwezi mmoja. Anayesema mwanangu hakaangi kwake, aje anionyeshe hiyo nyumba." Wanawake wakapiga vigelegele. Tito, aliyekuwa kwenye nyasi, alishusha kofia mpaka puani. Naibu wa chifu akamgeukia Elkana, "Ni hivyo?" Na Elkana, ambaye hakuweza kumwita mama yake mwongo mbele ya lokesheni nzima, akasema, "Ni hivyo. Mimi ni mkazi wa hapa. Sijawahi kuishi mahali pengine." Akachaguliwa kwa kura nyingi. Wakambeba mabegani. Nami nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, na jirani yangu akaniambia, "Kumbe bado unampenda."

Tuliporudi Nakuru, Bwana Lumadede alimwita shahidi mmoja tu, naye alikuwa naibu wa chifu. Alikuja na sare yake, akaeleza alichokisikia kwa masikio yake. Wakili wa Elkana alijaribu kusema kwamba maneno ya kampeni si kiapo. Hakimu akavua miwani akamtazama Elkana kwa muda. "Bwana Makokha," alisema, "watu wa kwenu wamekuchagua kwa sababu uliwaambia unaishi kwao. Mimi uliniambia unaishi hapa. Uliwadanganya wao, au unanidanganya mimi?" Elkana akasema anaishi kote kuwili. Hakimu akasema, "Mtu anaweza kuwa na nyumba mbili. Lakini umeapa mkeo alikutoroka hapa, na mkeo hajawahi kukaa hapa. Mke hatoroki mahali asipokuwa." Akaitupa kesi. Akasema anayetaka kuivunja ndoa ile aende kwenye korti ya mahali ndoa ile ilipoishi, na akamwonya Elkana kwa ukali kuhusu kiapo cha uongo. Lidya hakuwepo siku hiyo. Nilisikia baadaye kwamba alikuwa ameuliza maswali yake mwenyewe na hakupendezwa na majibu.

Wapo wanaosema kwamba ningeishia hapo. Nilikuwa nimeshinda. Lakini mimi sikwenda Nakuru mara mbili ili nirudi nikapike. Naibu wa chifu alikuwa mtu wa kuzungumza, na mimi nilimpa mahali pa kuzungumzia. Kila alipoingia hotelini nilimwekea sahani iliyojaa na nikamwuliza, watu wakisikia, "Hebu tuambie tena yule hakimu alisema nini." Naye alieleza, safari baada ya safari, na kila mara miwani ya hakimu ilishuka puani polepole zaidi. Madereva wakabeba habari mpaka kwenye mashamba, wakata miwa wakazibeba mpaka makambini. Wakulima wakaanza kuulizana: kama alishika kitabu kitakatifu akasema haishi hapa, anatuahidi barabara ipi? Kabla ya msimu wa kukata kuisha waliitisha mkutano mwingine uwanja ule ule, wakamtoa, wakamweka Mzee Nathani. Siku hiyo sikupiga makofi. Nilibaki hotelini nikikaanga mandazi, mlango wazi, nikisikiliza kelele zao zikivuka barabara.

Kesi ya Kakamega niliifungua mimi. Hapo ndipo nilipopata nilichokuwa nikikitaka tangu siku ile ghalani. Kwaya nzima ilikuja, wakakaa safu mbili na mikoba yao mapajani. Wakata miwa waliokula kwangu walisimama nyuma. Chumba kilikuwa na joto, kinanuka mvua na watu, na kila uso nilioutazama nilijua jina lake. Karani alimwuliza Elkana jina lake na kazi yake. Kisha akamwuliza anaishi wapi, kama wanavyoulizwa wote. Mtu mmoja nyuma akakohoa, mwingine akakohoa, kikohozi kikaenea mpaka hakimu akapiga meza. "Ekero," Elkana alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Bwana Lumadede alimwuliza juu ya Lidya, juu ya nyumba ya mapazia, juu ya mke mwenye kelele aliyeelezwa na mzee asiyemjua. Alilazimika kujibu yote huku wanawake waliokuwa wakimwita mzee wa kanisa wakimtazama. Nilipewa talaka, nikapewa Dorika, na ploti ya hoteli ikabaki yangu. Shamba lilibaki lake, na sikulitaka. Nilikuwa nimechoka na miwa. Nje kwenye veranda alinifuata. Alikuwa amekonda. "Umefurahi sasa?" akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua. Nilifikiri kidogo, kwa sababu lilikuwa swali la haki. "Bado," nikamwambia, nikaenda zangu.

Mwaka ulipokuwa ukielekea kwisha, Elkana alishindwa kupita senta. Watoto walikuwa wakimwuliza habari za Nakuru, na watu wazima walikuwa hawawakatazi. Akaacha kazi, akauza pikipiki, akaondoka. Alihamia Nakuru kweli, akapanga chumba huko, akaanza biashara ndogo, na akaishi huko miaka yake yote iliyobaki. Miwa yake ilikatwa na Tito, ambaye hakumpelekea mama yake hata kilo ya sukari.

Mama mkwe alikuja hotelini asubuhi moja, wakati madereva wameshaondoka na mabenchi yako tupu. Alikuwa hajawahi kukanyaga pale tangu nianze. Akakaa karibu na mlango. Nikamwekea chai, nikamwekea mandazi mawili kwenye kisahani, nikaendelea kuosha vikombe. Alikunywa nusu kabla ya kusema. "Siku ile ya uwanja," alisema, "wewe ndiye ulimtuma Nathani." Nikamjibu, "Nathani aliuliza tu, mama. Kujibu ulijibu wewe." Akatikisa kichwa. "Nilisema ukweli." Nikasema, "Ndiyo. Siku hiyo ulisema." Alielewa kwamba siku ile ghalani nilikuwa nimesikia yote. Nililiona likimwingia taratibu, akakishika kikombe kwa mikono miwili kana kwamba kulikuwa na baridi. Nje trela la miwa lilipita likadondosha vijiti barabarani, na watoto wakakimbilia kuokota. Akangoja kelele zipite. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Watu wananiuliza kila siku mwanangu yuko wapi. Kanisani wananiuliza. Kisimani wananiuliza. Niwaambie nini, Mama Dorika?"

Nikafuta mikono yangu, nikachukua birika nikamwongezea chai mpaka juu.

"Waambie anakaa Nakuru, mama," nikamwambia. "Aliapa mwenyewe kortini."